Sauti ya Ndoa ya Marui Ilivyofika Wodini Kibaha

Jumamosi. Asubuhi mvua, mchana jua kali. Nimerudi Maili Moja na tope hadi magotini. Nimechoka, lakini sikushindwa.

Leo nilikuwa Marui, kule Kisarawe, kurusha ndoa ya Mwanahawa mubashara. Mtazamaji aliyenipeleka huko ni mmoja tu: baba yake, Mzee Shomari, aliyelazwa hospitalini Kibaha kwa kuvunjika mguu; umening'inizwa kwa uzito, hawezi hata kugeuka. Alimpa mdogo wake, Mzee Hamisi, uwakili wa kumwozesha binti. Ila alishikilia jambo moja: lazima amsikie mkwewe akitamka.

"Picha si neno," aliniambia juzi kwenye simu. "Mimi nataka kusikia."

Nami nikashughulika na picha. Ndivyo tulivyo sisi watu wa kamera.

Nikachomeka enkoda, kile kisanduku kinachobana picha na sauti na kuvisukuma mtandaoni, nikaweka ubora wa juu kabisa. Nilitaka mzee aone hata nakshi za kanzu ya bwana harusi. Kaka wa bibi harusi, Zuberi, alikuwa kando ya kitanda cha baba yake na simu mbili, moja ya kutazamia, moja ya kunipigia. Akanipigia.

"Dada Resti, picha imeganda. Sauti ni upepo mtupu."

Nikafungua mipangilio kwenye laptop. Kumbe enkoda ilikuwa inachukua sauti ya kamera, si ya maikrofoni niliyoweka mbele ya shehe. Nikabadili. Upepo ukaisha, lakini maneno yakawa yanakatika. Mtandao wa Marui ni mwembamba, na picha yangu nzuri ilikuwa imeujaza wote.

Mzee Hamisi akaja nyuma yangu. "Mwanangu, alasiri inakaribia na shehe anasubiri. Tuanze tu. Wewe rekodi, kaka yangu atasikia baadaye."

Wageni wote walikuwa wananitazama. Ingekuwa rahisi kuitikia.

"Nivumilie kidogo, baba. Yeye hakuomba baadaye."

Nikashusha ubora wa picha. Bado. Nikashusha tena, nikapunguza na fremu, zile picha zinazopita kila sekunde, mpaka watu wakawa kama madoa yanayosogea. Roho iliniuma. Sauti sikuigusa.

"Hapo hapo," akasema Zuberi. "Shehe amekohoa, tumemsikia."

Shehe akasoma hotuba. Mzee Hamisi akaozesha kwa niaba ya kaka yake. Bwana harusi akajibu mbio mbio kwamba amekubali kumuoa Mwanahawa binti Shomari. Shehe alikuwa ananyanyua mikono kuomba dua simu yangu ilipoita.

Zuberi alikuwa anacheka. "Baba anasema bwana harusi arudie. Jina la binti yake amelimeza."

Nikamnong'oneza Mzee Hamisi, naye akamwinamia shehe. Shehe akatabasamu. "Mwenye binti amesema. Rudia, kijana."

Akarudia polepole, kila neno limekamilika. Tukasubiri, kwa sababu matangazo huchelewa kidogo kufika. Nikaweka simu kwenye spika.

"Hapo sawa," ikaja sauti ya Mzee Shomari mwenyewe. "Mungu awabariki, wanangu."

Baadaye Mwanahawa aliniita chumbani, bado amejitanda ushungi.

"Baba alisikia?"

"Alisikia mpaka akasahihisha."

Akacheka, halafu akalia, nami nikabaki nimesimama na kebo mkononi, sijui niiweke wapi.

Nimeamua. Kuanzia sasa, kabla sijagusa kitufe chochote, namuuliza anayetazama anataka nini, na akishanijibu namsikiliza. Picha nzuri ni fahari yangu mimi. Leo haikuwa siku yangu.

Huyu mzee sijawahi kumtia machoni. Jumatatu nitapita wodini asubuhi, muda wa kuona wagonjwa. Nataka kumwamkia shikamoo, aniitikie palepale, bila kuchelewa.