Alama Nyekundu Mgongoni mwa Friji

Umetimia mwaka mmoja, Baba, tangu moyo wako ulipozima ghafla ukiwa umepiga magoti nyuma ya friji ya mwenye bucha, bisibisi mkononi.

Mtaa mzima ulikuita Fundi Baridi. Kila friji uliyoitengeneza uliitia doa la rangi ya kucha, nyekundu, pale swichi ya baridi inapopaswa kusimama, "wenye viherehere wasiniletee kazi mara mbili." Friji ya nyumbani tu ndiyo hukuitia doa. Mwanafunzi wako akiharibu kitu, ulimwambia mteja, "Mashine yenyewe kaidi," na yakaishia hapo.

Uliponusurika shambulio la kwanza la moyo, daktari alikuingiza kwenye majaribio ya sindano mpya. Alisema kinga ya mwili hukimbilia kutibu jeraha la moyo, kisha wakati mwingine haijui kuacha. Dawa ingeituliza ili moyo upone. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Kumbe nimeajiri walinzi wanaobomoa nyumba!"

Kifungua mimba wako, uliyemfundisha kazi mwenyewe, ndiye aliyezichukua chupa hospitalini. Karatasi ya maelekezo hakuisoma. Aliziweka kwenye friji ya nyumbani, akazungusha swichi hadi mwisho. Mama alipouliza mbona dawa imeganda, alimjibu, "Mama, kwenye mambo ya baridi mimi ndiye ninayeulizwa." Basi Mama akawa anasubiri iyeyuke, ndipo anakuchoma sindano.

Ulipofariki, daktari alitueleza kuwa dawa ile ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka. Nzima ingekuokoa? "Huenda ndiyo, huenda hapana." Hiyo "huenda" tunalala nayo na kuamka nayo.

Mwezi uliopita Mama aliivuta friji apige deki. Mgongoni tukakuta swichi imerudishwa namba tatu, na doa jekundu pembeni yake.

Kumbe ile karatasi wewe uliisoma, ukajua. Ukarekebisha, ukanyamaza, ukaendelea kuchomwa maji matupu wiki kwa wiki, ili mwanao asiaibike. Muuguzi angekupa nyingine, Baba! Ungemgombeza tu, yangeisha. Tumekukasirikia, na hatuoni haya kulisema mbele za watu.

Unakumbukwa na mkeo, mabinti zako wawili, wakwe, wajukuu, mwenye bucha, na kifungua mimba wako, aliyeandika tangazo hili.

Daima nitakukumbuka, Baba. Ila ungeniambia.