Tumbo la Afande

Jumatatu, 3 Machi
Nimebadilisha maji ya tangi. Nusu tu, kama Baba alivyotaka. Samaki wa dhahabu wawili, basi. Vita vilipita na mlango, redio, hadi bawaba za madirisha. Hawa walijificha chini ya majani yaliyooza, ndiyo maana wapo. Mmoja mnene, tumbo mbele. Baba alimwita Afande. Dume huyo, nani amewahi kuona afande mwembamba? Wa pili ni kadogo, kembamba. Jike, tukasema. Tangu vita viishe hawajazaa hata mmoja. Wakifa hawa, hapa Mafubira hakuna tena kitu cha Baba.

Alhamisi, 6 Machi
Mdogo ametoka vipele. Vyeupe, kama chumvi laini, mashavuni na kwenye mapezi ya mbele. Na bado anamfukuza Afande tangi zima, anamsukuma tumboni kwa pua. Mgonjwa, halafu hana adabu! Nimemtia kwenye beseni peke yake. Nimechoka kutunza vitu vinavyokufa.

Jumamosi, 8 Machi
Mbale. Nimekwenda Malukhu kwa kaka yangu Ramadhani kumtafutia Afande mke. Sikutaka kwenda. Siku ile ya kukimbia alipakia masufuria, magodoro, na mabeseni ya samaki wa Baba. Mimi nimesimama barabarani, nimemshika Baba mkono. "Dada, nafasi hakuna." Samaki walipata nafasi kwenye lori. Sisi hatukupata. Baba akafia humu ndani, mlango hakuna, mvua inaingia. Sijasahau. Sitaki kusahau.

Tangi lake limejaa samaki wanene. Anajivuna nao. "Madume tupu, dada! Maafande! Zile nyembamba zote zilitoka vipele, mi nikatupa." Kila mvua zikianza, vipele vikitokea, anatupa. Nimeuliza kama kuna waliozaa. Hakuna. Akaniambia nimtupe na wangu, asije akamwambukiza Afande. Nimerudi mikono mitupu, kichwa kinaniuma kwa hasira.

Jumapili, 9 Machi
Nimeshindwa kumtupa. Si huruma. Ramadhani hataniamulia kitu tena, ndiyo hivyo. Nimemrudisha tangini. Kama ni kufa, wafe pamoja.

Jumanne, 11 Machi
Asubuhi, fujo tangini. Mdogo kamkimbiza Afande mpaka kwenye majani. Nikaokota kijiti nimchape. Halafu nikaona: vitone vya njano vinanata kwenye majani. Vinatoka kwa Afande! Na mdogo nyuma yake, anamwaga maji yake meupe juu ya vile vitone.

Ya Rabi! Afande ni mwanamke.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akauliza kuna nini. Kisha kicheko kikakatika. Vile vipele si ugonjwa. Ndiyo ndevu zake. Na Ramadhani kila mwaka anatupa madume ya Baba, moja baada ya jingine, akibakisha matumbo. Mpumbavu! Mpumbavu mwenye lori! Nimepiga ukuta mpaka mkono umevimba.

Nimeyahamishia majani yenye mayai kwenye beseni, wazazi walishaanza kuyala. Nimempa dereva wa basi la Mbale salamu za kumpa Ramadhani, maneno mawili tu: Afande ametaga.

Ijumaa, 14 Machi
Mayai mengine yameota ukungu, nimeyaondoa. Mengine yana vidoa vyeusi viwili viwili. Macho. Sijamwambia mtu.

Jumapili, 16 Machi
Ramadhani amekuja. Amechuchumaa penye tangi muda mrefu. Nimemwonyesha vipele, nimemweleza. Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha. Nilikuwa nimemwandalia matusi tangu vita. Nimemtilia chai.

Akaomba dume ampeleke Malukhu kwa majike yake. Nikakataa. Huyu haondoki hapa. Akatikisa kichwa, akashika kofia yake aende.

"Lete majike yako huku," nikamwambia. "Nafasi iko."

Akaniangalia. Akakumbuka, nimeona. Akakaa chini kwenye saruji, kofia mkononi.

Bado nina hasira naye. Watoto wa samaki wamegandia ukuta wa beseni, macho na mkia tu, wembamba kama uzi. Chai yake ilikuwa imepoa. Nimemwekea nyingine.