Tanga la Mbele

Ndabibi, 3 Agosti 2025

Binti yangu Cheruto,

Chamgei? Mko aje huko Njoro, na watoto wamepona kikohozi? Sisi tuko, ni magoti tu yananisumbua.

Naandika kwa mkono kwa sababu nikishika simu babako anatokea mlangoni. Ile mashua aliyoachiwa na mwajiri wake wa zamani, iliyolala kwenye matete miaka yote, sasa ndiyo mke wake. Ameiwekea waya mpya za kushikilia mlingoti, na kamba mpya, na anataka kuongeza tanga kubwa mbele. Nikamuuliza, "Bethwel, unaenda wapi? Ziwa hili halina mlango." Akasema, "Naitengeneza tu."

Tanga linashonwa na mwanamke anaitwa Zeddy, fundi wa mahema ng'ambo ya ziwa. Babako anaenda kupimisha, anarudi, anaenda tena. Cheruto, tanga si suti.

Mamako,
Chepkurui

Njoro, 10 Agosti

Mama mpendwa,

Chamgei mising. Joash wa lori la maziwa ameniletea barua yako. Kikohozi kimeisha, lakini watoto wanauliza shosho atakuja lini.

Mama, usimshuku Baba bure. Nilimpigia. Akasema injini inakamatwa na magugu maji, lakini tanga linapita juu yake. Nikamuuliza, "Linapita kwenda wapi, Baba?" Akasema stima imepotea, simu inazima. Na nilikuwa nasikia redio ikiimba nyuma yake! Hapo hata mimi nikaingiwa na shaka.

Mwangalie, lakini msigombane.

Binti yako,
Cheruto

Ndabibi, 24 Agosti

Mwanangu,

Mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Asante kwa majani chai.

Umeniambia nimwangalie, nimemwangalia. Amepandisha godoro kwenye mashua. Jiko la gesi pia, na lile blanketi jekundu tulilopewa kwenye harusi yako. Kule chini ya shamba amesimamisha vijiti katikati ya mahindi, na kila asubuhi anaenda kuviangalia kabla hata ya chai. Mimi nasema anapima shamba auze, aende akaishi na huyo Zeddy. Jana nilimpata akijaribu tanga jipya, jeupe kama shuka ya hospitali. Aliponiona akalishusha haraka.

Kesho Kiprugut wa jirani atanivusha. Nataka nimwone huyo mwanamke kwa macho yangu.

Mamako

Njoro, 14 Septemba

Mama,

Mko salama? Niambie hilo kwanza. Simu yako haipatikani, ya Baba inaita tu. Joash alirudi bila maziwa, anasema barabara ya kwenu imekatika. Ulifika kwa Zeddy? Alikuambia nini? Sitaki kusikia kwa watu. Nampa Joash barua hii ajaribu tena kesho, na Jumamosi nakuja mwenyewe.

Cheruto wako

Kwa Zeddy, 17 Septemba

Cheruto mwanangu,

Tuko hai, sote wawili. Usiende Ndabibi, njoo huku ng'ambo.

Siku ile nilimkuta Zeddy anashona, nyanya mwenzangu, uzi mdomoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniangalia sana. "Kwani mzee hakukuambia? Maji yanakuja."

Vile vijiti vilikuwa vya kupima ziwa. Kila kimoja kikizama, babako alisimamisha kingine juu zaidi. Niliporudi nilimpigia kelele mpaka majirani wakatoka. "Kwa nini hukuniambia?" Akasema, "Matofali ya hii nyumba uliyabeba wewe, ukiwa na mimba ya Cheruto. Ningeanzia wapi?"

Jumapili, tukitoka kanisani, maji yalikuwa yameingia jikoni. Boti za injini zilikwama kwenye magugu. Babako akapandisha tanga la mbele, na kaupepo kadogo tu kakatuvuta. Alivusha akina Kiprugut, akavusha watoto wa jirani yetu Owino na mbuzi wao, akarudi tena na tena kwa siku tatu hadi kamba ikamchubua viganja. Safari ya mwisho kamba nilishika mimi. Niligeuka nikaona paa letu, kuta hakuna.

Nitakuambia ukweli: nilitamani angekuwa amepata mwanamke. Mwanamke ningemfukuza.

Tulipokaribia nchi kavu akaniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia ashushe tanga kwanza.

Mamako,
Chepkurui