Pasi ya Makaa Siku ya Harusi ya Aline

Jumamosi, 14 Agosti 1999

Baba Aline,

Binti yetu ameolewa leo, na gauni lake lilinyooka. Umeme umekatika tangu Alhamisi, kwa hiyo pasi mpya aliyoileta dada yako kutoka Kinindo haikufaa kitu. Saa mbili asubuhi gauni lilikuwa bado na makunyanzi, na misa ni saa nne.

Nikatoa pasi ya makaa uliyoninunulia kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique mwaka tulipooana.

"Wifi, apana! Cheche moja tu itatoboa robe ya mutoto!" dada yako akapiga kelele, akilikinga gauni.

"We niletee jani la mgomba."

Nikapuliza majivu yote, nikasugua pasi kwenye jani bichi mpaka ikateleza vizuri, kisha nikaanza na upindo. Hakuna hata uzi ulioungua.

"Kumbe kaka yangu alijua kununua!" dada yako akasema, akanikumbatia na masizi yangu yote.

Kesho maharusi wanakwenda Ruziba, na ile barabara inanitia hofu siku hizi za vita. Lakini leo nimecheza mpaka miguu inauma. Kuna wakati nilisahau kabisa kwamba hupo tena duniani.

Wewe usinisahau.