Karatasi Mbili za Mzee Yani

Bugarama, Ngara

Adela mjukuu wangu,

Marahaba. Sisi wazima, na kahawa imechanua mapema.

Unauliza ilikuwaje Waingereza waihifadhi serikali ya Poland kule London wakati wa Vita Kuu ya Pili, kisha vita vilipokwisha watambue nyingine. Sikuwepo London. Nilikuwepo Lusahunga, mwandishi wa habari kijana, wakati wa vita vya Kagera.

Ndani ya lori nililopanda alikuwamo Mzee Yani, Mpolandi aliyehamia kwetu baada ya vita ile kuu, fundi wa pampu ya maji ya kijiji chetu. Alikuwa anakwenda Biharamulo kutafuta kipuri, na kijiji kizima kilisubiri maji. Kwenye kizuizi cha barabarani hapo Lusahunga, mgambo aliomba kitambulisho. Yani, kwa mazoea, akatoa karatasi kuukuu ya serikali yake ya London.

"Serikali hii iko wapi?"

"Waingereza waliipa nyumba tulipopigana pamoja. Baadaye wakapatana na wenye nguvu walioshika nchi yetu."

"Kwa hiyo mzee unatembea na serikali mfukoni?"

Tulicheka, Yani naye akacheka. Lakini mgambo alimwamuru ashuke.

Ndipo Yani akakumbuka na kutoa barua ya mjumbe wetu wa nyumba kumi: "Huyu ni wa nyumba ya saba. Tunalima naye, tunazika naye."

Mgambo aliisoma mara mbili. "Shikamoo mzee. Pita."

Njiani nilimuuliza kama ana kinyongo na Waingereza.

"Sina. Walinipa buti na mkate nilipokuwa askari," alisema.

Siku ya tatu kipuri kilifungwa, maji yakatoka. Karatasi ya London hakuitupa, ila katika pochi yake barua ya mjumbe ilikaa juu.

Bibi yako