Mlango Uliolia Chicago

Chicago,
9 Oktoba 1996

Kwa ndugu yangu Mathenge, Mweiga,

Pokea salamu nyingi. Mimi Ngatia, ndugu yako mkubwa, niko na miaka sabini na tatu. Nimewashinda nzige, njaa, kambi ya mkoloni na madaktari wawili wa Nyeri walionikataza kupanda ndege, na mmoja wao tulishamzika. Kwa hivyo afya ni nzuri. Sijui wewe na ng'ombe, na kama mvua imeachia viazi vyetu kitu.

Warigia binti yangu ananitembeza huu mji mpaka viatu vimelegea. Nimeona ziwa lisilo na ng'ambo. Ukisimama kando unaapa ni bahari, lakini mimi nilionja na halina chumvi. Warigia aliona haya, ati mzee haonji ziwa mbele za watu. Kuna treni inapita juu ya magari, na watu chini wanakula tu bila kuinua kichwa. Mzee wa kwanza wa Mweiga kuipanda ni mimi, na ukisikia mwingine anajidai, mwambie alete picha.

Lakini sikufurahia. Kila picha utaniona nimeshika tumbo. Warigia alidhani ni chakula cha huku, akanipikia uji siku nne, nami nikanywa bila kubisha. Unajua kubisha ni kazi yangu.

Barua yako ilikuwa imefika. Warigia alinisomea jikoni: kwamba soroveya wa kupima ardhi walikuja kugawa shamba la baba, ukafungua sanduku, hati haimo, kwamba ufunguo alikuwa nao mkeo Wachuka peke yake, kwamba alipoulizwa alithubutu kutaja jina langu, ati nilimwomba ufunguo nichukue cheti cha ubatizo, ukakasirika zaidi kwa kumsingizia mzee, kwamba umemrudisha kwa kaka zake Mwea, na mwezi ukiisha bila hati, ndoa imeisha. Warigia alilia. Mimi nikasema, si niliwaambia zamani juu ya wanawake wa Mwea. Nilisema hivyo, kikombe kikiwa mkononi.

Jana tulienda kuona jumba lenye ghorofa mia na zaidi. Kabla ya lifti kuna mlango wa chuma, ukiwa na chuma mwilini unalia. Kwangu ulilia. Nikatoa mkanda, ukalia. Nikatoa kofia, ukalia tena, na foleni ikaanza kunung'unika. Askari, mtu mweusi mwenzetu, mpana kama ghala, aliniita baba kwa heshima akaomba nifungue shati. Nilikataa. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kidogo kwamba sijafunguliwa shati na askari tangu mwaka wa hamsini na nne. Warigia akanisihi, ati tutafungwa sote. Nikafungua.

Ndani ya fulana kulikuwa na mfuko wa zipu ya chuma, na ndani ya mfuko, kwenye nailoni, hati ya shamba la baba yetu.

Askari aliona ni karatasi, akaturuhusu kupanda. Warigia hakupanda. Aliketi pale pale sakafuni, akaniuliza polepole Wachuka analala wapi leo.

Mathenge, niliitoa mimi. Niliogopa nikiwa mbali utaipeleka benki ununue pikapu. Wachuka alisema kweli: ufunguo alinipa yeye, na cheti cha ubatizo ndicho nilichomdanganya nacho. Nilidhani nitairudisha kimya kimya kabla mtu hajafungua sanduku. Kisha barua yako ikaja, nikaona haya, na haya ikanifanya mwongo mara ya pili.

Tumepiga simu dukani kwa Hezekiah tangu jana, inalia tu. Naogopa kaka zake wataanza kurudisha mahari kabla barua hii haijafika. Ukiipata, usingoje kesho, nenda Mwea mwenyewe, usitume mtu. Mimi nafuata wiki ijayo. Nitasema mbele ya kaka zake kwa kinywa changu, wanicheke watakavyo.

Wasalimie wote wa nyumbani, na Wachuka kabla yao wote.

Ukidhani uzee umenipotosha, Warigia ameniona kwa macho yake. Na huko kwenu muulize Kihara, fundi wa nguo wa mtaa wa Skuta. Yeye ndiye aliyeipima hati kwa utepe wake na kunishonea ule mfuko. Mchukue mwende naye Mwea.

Ni mimi ndugu yako,
Ngatia