Fyuzi Yenye Tone la Rangi ya Kucha

Shoga yangu, bado nina hasira. Bosi kanidhalilisha hapa gereji mbele ya mteja!

Mteja mwenyewe ni mwalimu; gari lake nililotengeneza, alilolichukua jana jioni, taa ya injini imewaka tena. Bosi akafoka, "Binti kafunga sensa ya oksijeni mbovu!" Mbovu?! Mimi niliyeipima kabla ya kuifunga?

Nikapima upya. Hita ya sensa, ile inayoipasha joto, nzima kabisa, ila umeme hauifikii. Nafungua boksi la fyuzi, fyuzi ya hita haipo. Haipo! Na juzi niliiweka kwa mkono wangu huu.

Unanijua, kila fyuzi ninayoweka naipaka tone la rangi ya kucha, ile nyekundu uliyonipa.

Bosi bado anabwata, "Kazi hii si ya wanawake!" Na redio ya gari lake, iliyokuwa bubu mwezi mzima, inaimba tangu jana mchana.

Nikaenda kwenye gari lake, mwalimu nyuma yangu, nikachomoa fyuzi ya redio. Tone jekundu hilo hapo!

Wimbo ukakatika katikati. Mwalimu akamgeukia: "Haya, rudia. Kazi hii si ya nani?"